Upepo uleule, pete nyingine: kisa cha mchezaji wa Golf Clash aliyekwama

Mchezaji wa kisa hiki hucheza Golf Clash kwenye simu kila usiku, mechi 15 au 20 mfululizo, na kwa wiki kadhaa sasa hasogei. Akipanda ngazi mpya sarafu zinayeyuka ndani ya siku mbili, anashuka kuzitafuta, anapanda tena, anachapwa tena. Sababu anazo tatu mdomoni: upepo wa gemu umepangwa kumwonea, wapinzani wamenunua fimbo, na mtandao wake mbovu. Na hizo mechi 20 ndizo anazoita mazoezi.

Tuseme mapema kwamba ni mchezaji wa mfano. Tumemkusanya kutoka kwenye makosa ambayo wachezaji wengi wa gemu hii huyarudia, na namba zake tumezipanga ili hesabu ifuatike. Gemu yenyewe haijatungwa.

Kwa asiyeijua: Golf Clash ilitoka mwaka 2017, kazi ya studio ya Uingereza iitwayo Playdemic. Mwaka 2018 ilitwaa tuzo ya BAFTA ya gemu bora ya simu, na mwaka 2021 kampuni ya Electronic Arts ikainunua Playdemic kwa dola bilioni 1.4. Mechi yake ya kawaida ni watu wawili na shimo moja tu. Kila mmoja anaweka kiingilio cha sarafu, mwenye mapigo machache anazoa zote. Wakitoka sare, kila mmoja anapewa pigo moja la kusogelea shimo, na mpira uliokaribia zaidi ndio unaoshinda. Kwenye gofu ya uwanjani una mashimo 18 ya kufidia pigo baya. Hapa pigo la pili likienda kombo, mechi imekwisha, na dakika tatu baadaye uko kwenye mechi nyingine bila kujua pigo lile liliharibikaje. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza mechi 500 akabaki palepale.

Pigo moja lina milango minne ya kukosea

Angalia pigo linavyopigwa. Kwanza unaburuta shabaha, yaani duara lenye pete ndani ya pete, hadi mahali unapotaka mpira uanguke. Mstari wa mwongozo unakuonyesha njia ya mpira na midundo yake ya mwanzo, lakini mstari huo haujui upepo. Unachorwa kana kwamba hewa imetulia kabisa. Upepo umeandikwa pembeni kwa maili kwa saa, pamoja na mshale wa uelekeo, nao ni kazi yako kuufidia. Kisha unauvuta mpira nyuma kwa kidole hadi ukae sawasawa kwenye duara la nguvu kamili. Ukiuvuta ukaenda upande, mpira utapinda angani, utake usitake. Wakati huohuo sindano inapita kushoto na kulia kwenye upinde, na unaachia kidole inapofika katikati. Ukiipatia, skrini inaandika Perfect.

Kwa hiyo mpira ukianguka pasipotakiwa, kosa ni moja kati ya manne: mahali ulipochagua palikuwa pabaya, hesabu ya upepo haikuwa sawa, kidole kilivuta upande, au sindano ilikosewa. Mchezaji wetu yote hayo anayaita upepo.

Daftari la kwanza

Hatua ya kwanza haikuwa kupiga zaidi. Ilikuwa kuandika mapigo 30 yaliyopigwa kwa fimbo za chuma, yale ya kuingia kwenye kijani, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakimpotezea mechi nyingi. Kila pigo lilipata mstari mmoja: fimbo na kiwango chake, umbali (wa mwisho wa fimbo, wa kati, au mfupi), namba ya upepo, pete alizosogeza, kama alipata Perfect, na mahali mpira ulipogusa chini mara ya kwanza.

Hilo la mwisho halina mjadala. Mahali mpira uliposimama hapakuambii kitu, maana baada ya mdundo wa kwanza mteremko, nyasi ndefu au mchanga vimeshaingilia. Mpira ulioanguka hatua mbili kando ya ulipokusudiwa ukagonga kilima unaweza kuishia hatua 20 mbali, na mwingine uliopotea vibaya ukarudishwa na mteremko hadi mdomoni mwa shimo. Andika mguso wa kwanza, mengine acha.

Matokeo: kati ya mapigo 30, Perfect zilikuwa 11. Mengine 19 yalitawanyika, 10 kulia na 9 kushoto, bila mpangilio unaoonekana. Lakini yale 11 yalikuwa na sura moja: tisa yalianguka upande ule upepo unakoelekea, na mawili yaliyoanguka palipokusudiwa yote yalikuwa na upepo chini ya maili 3.

Yale 19 yakawekwa kando, hayaingii kwenye hesabu ya upepo hata kidogo. Mchezaji alipinga, akiona ni kutupa kazi. Lakini fikiria pigo ambalo upepo unatoka kushoto na mpira ukaangukia kulia huku sindano nayo ikiwa imekosewa. Kipi kiliupeleka kulia? Huwezi kujua. Na baya zaidi ni pale makosa mawili yanapofutana: umefidia upepo pungufu, sindano ikakupeleka upande wa pili, mpira ukatua jirani na shimo. Unafurahi, na kichwani unahifadhi hesabu mbovu kama hesabu nzuri. Pigo lisilo na Perfect halifundishi upepo, hata likiingia shimoni.

Fimbo imepanda, pigo limeshuka

Sasa yale tisa. Kwa nini yote yasukumwe na upepo?

Wachezaji wazoefu wa gemu hii huhesabu upepo kwa pete. Kila fimbo ina namba ya usahihi kwenye kadi yake, na usahihi ukipanda, shabaha inakuwa ndogo, pete zinabanana. Kanuni inayotumika miongoni mwao ni hii: toa namba ya usahihi kwenye 100, zidisha kwa 0.02, ongeza 1. Unachopata ni kiasi cha upepo kinachofidiwa na pete moja, fimbo ikipigwa kwa umbali wake wa mwisho. Fimbo yenye usahihi wa 40 inakupa 60 mara 0.02, yaani 1.2, ongeza 1, jumla 2.2. Upepo wa maili 9 ukigawanywa kwa 2.2 unapata pete 4 na chembe.

Mchezaji wetu hakuijua kanuni hii, lakini mkono wake uliijua. Miezi michache nyuma, chuma chake kirefu kilipokuwa na usahihi wa 40, alizoea kwamba upepo wa 9 ni pete nne, na ilikuwa kweli. Baadaye akakusanya kadi, akaipandisha fimbo hadi usahihi wa 55. Thamani ya pete ikashuka kutoka 2.2 hadi 1.9, na upepo uleule wa 9 sasa ukadai pete 4.7. Yeye akaendelea na nne. Chuma chake kifupi kilikuwa kimefika 70, ambako pete ni 1.6 na upepo wa 9 unadai 5.6. Hapo pia nne.

Basi fimbo ikawa bora na mapigo yakawa mabaya zaidi. Na kwa kuwa kupandisha fimbo na kupanda ngazi huenda pamoja, lawama zikaangukia ngazi. Hata yale mapigo mawili ya upepo mdogo yanaeleweka: kwenye upepo wa maili 3, tofauti kati ya hesabu ya zamani na mpya ni robo ya pete hivi, haionekani kwa macho. Kwenye maili 12 inakaribia pete nzima, na ngazi za juu ndiko upepo mkali uliko. Kosa lilikuwa lilelile tangu chini, ila upepo wa chini ulikuwa mdogo mno kulifichua.

Kuhusu fimbo za wapinzani, malalamiko yake yana ukweli kiasi. Ngazi za juu unakutana na watu wenye fimbo zilizopandishwa sana, na zipo za kutoa pesa. Lakini mtu asiyejua thamani ya pete zake akinunua masanduku ya kadi anajiongezea shida, maana kila kadi inayopandisha fimbo inambadilishia tena hesabu asiyoijua.

Sindano: kushoto na kulia vilidanganya

Lile fungu la mapigo 19 lilionekana halina mpangilio kwa sababu liliandikwa vibaya, na hapa kosa lilikuwa la daftari, si la mchezaji. Sindano huja kutoka pande zote mbili. Ukichelewa kuachia wakati inaenda kulia, unakosea kulia. Ukichelewa wakati inarudi kushoto, unakosea kushoto. Ni kosa moja lenye sura mbili. Ukiandika kushoto na kulia, mchelewaji sugu ataonekana kama mtu anayebahatisha.

Safu ikabadilishwa: aliwahi au alichelewa? Yakapigwa mapigo mengine 20 kwa ajili ya sindano tu. Alikosa 13, na kati ya hayo 11 alichelewa.

Kuchelewa kwa namna moja kiasi hicho ni habari njema, maana kuna kitu kimoja cha kurekebisha. Kwanza ikaangaliwa simu. Alikuwa akicheza usiku, chaji imebaki kidogo, hali ya kuokoa betri imewashwa. Hali hiyo hupunguza kasi ya simu, na kwenye simu nyingi hupunguza pia idadi ya picha kwa sekunde; sindano inaacha kuteleza, inaruka kwa vipande, na jicho linaona katikati wakati imeshapita. Zaidi ya hapo alikuwa akirekodi skrini ili ajaze daftari, jambo ambalo kwa simu ya wastani ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Dawa ikawa inazidisha ugonjwa. Rekodi ikazimwa, ikabaki picha moja ya skrini kabla ya pigo na nyingine mpira unapogusa chini. Programu nyingine zikafungwa, betri ikajazwa kabla ya kucheza, si wakati wa kucheza, kwa sababu simu inayochajiwa hupata moto na simu yenye moto hujipunguza kasi yenyewe.

Mtandao haukuhusika. Sindano inaendeshwa na simu mkononi mwako, haisubiri jibu kutoka kwenye seva iliyo bara jingine. Bando likiisha katikati ya mechi zamu itakupita, hilo ni kweli, lakini intaneti ya polepole haikufanyi uachie kidole umechelewa.

Baada ya simu kurekebishwa, alikosa 8 katika 20, matano kwa kuchelewa. Yaliyobaki yalikuwa ya jicho. Alikuwa akiifuata sindano kwa macho kutoka pembeni hadi katikati, na jicho linapokimbiza kitu, kidole husubiri uthibitisho. Kinachosaidia ni kulikaza jicho kwenye alama ya katikati na kuiacha sindano ije yenyewe. La pili ni mpangilio: vuta mpira hadi nguvu itulie kwanza, ndipo uitazame sindano. Yeye alikuwa akifanya vyote viwili pamoja, kwa hiyo mara nyingi kidole kilikuwa bado kinatafuta duara la nguvu wakati sindano inapita katikati. La tatu, amua kabla ya kuvuta kwamba utaachia sindano ikipita mara ya ngapi, na usibadilishe. Anayeghairi sekunde ya mwisho hukosa karibu kila mara.

Kupima pete kwa fimbo moja

Sindano ilipofika 7 kati ya 10 kwa siku mbili mfululizo, ndipo upepo ukaguswa. Kabla ya hapo ingekuwa kujidanganya.

Swali la kwanza ni mahali pa kufanyia. Ngazi ya chini kabisa ni rahisi kwa sarafu na inafaa sana kwa sindano, lakini haifai kupimia pete, kwa sababu upepo wake ni mdogo: kwenye maili 2, kosa la hesabu linafichwa na unene wa kidole. Ngazi za juu zina upepo lakini kiingilio kinauma, na mtu anayeogopa kupoteza sarafu hapimi, anacheza kwa kushinda. Kilichofaa ni ngazi moja au mbili chini ya ile anayoshindania. Mechi za kirafiki na mtu unayemfahamu ni nzuri zaidi pale zinapopatikana, maana hazina sarafu. Kupoteza makusudi ili ushuke ngazi hatukushauri; unamharibia mchezo mtu wa upande wa pili, na tabia ya kupiga ovyo hukaa mkononi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Fimbo moja tu, chuma kirefu, kwa umbali wake wa mwisho. Mpira wa kawaida, ule usio na sifa za ziada. Hakuna kuzungusha mpira mbele wala nyuma. Weka kitovu cha shabaha pale unapotaka mpira utue, na ukumbuke alama yoyote iliyo hapo: ukingo wa mchanga, badiliko la rangi ya nyasi. Gawa upepo kwa thamani ya pete. Kisha buruta shabaha kinyume na mshale wa upepo hadi pete uliyoihesabu ipite juu ya ile alama. Kwa 4.7, alama inakaa kati ya pete ya nne na ya tano, karibu na ya tano. Vuta mpira wima, achia. Ukipata Perfect andika, usipopata usiandike.

Upepo ukizidi pete ya nje, hamisha kwa awamu mbili: peleka hadi pete ya mwisho, tafuta alama mpya chini ya kitovu, endelea kutoka hapo. Watu hukisia sehemu hii kwa macho, na ndipo hesabu nzuri inapoharibikia.

Ndani ya Perfect sita za kwanza lilijitokeza kosa ambalo daftari la mwanzo halikulionyesha. Upepo ukija moja kwa moja kutoka upande alikuwa sahihi, ukija kimshazari alikosa. Alikuwa akiburuta shabaha kushoto au kulia tu, hata mshale ukiwa umeelekea kama mkono wa saa kwenye mbili au saba. Shabaha lazima iende kwenye mstari wa mshale wenyewe, mbele au nyuma pia, na pete ihesabiwe kwenye mstari huo. Mbinu yake ya kujikagua: kabla ya kuvuta, chora kwa jicho mstari kutoka kitovu cha shabaha kufuata mshale. Kama haupiti kwenye alama yako, hujamaliza.

Kisha kukawa na upepo wa uso. Ukipiga kwa umbali wa mwisho wa fimbo na upepo unakuja usoni, unatakiwa kuisogeza shabaha mbele, lakini fimbo imeshafika mwisho wake, shabaha haiendi. Wengi huiacha hapo na kuongeza nguvu kwa kuvuta kupita duara. Inafanya kazi mara moja moja, ila sasa umeingiza kitu cha tano usichokipima. Afadhali ubadilishe fimbo, uchukue yenye masafa zaidi na kuipiga pungufu. Na hapo unakutana na jambo la pili: fimbo ikipigwa pungufu ya umbali wake, mpira unakaa hewani muda mfupi, upepo unaupata kidogo, kwa hiyo pete moja inafidia upepo mwingi kuliko ilivyo kwenye umbali wa mwisho. Ukitumia thamani ileile utafidia kupita kiasi.

Ni kiasi gani? Hapa kila fimbo ilipimwa kivyake, na njia ni rahisi. Piga nusu ya masafa ukitumia thamani ya umbali wa mwisho. Mpira ukianguka pete moja upande upepo unakotoka, umefidia pete moja zaidi. Kama upepo ulikuwa 9 na ulisogeza pete 4.7, hitaji halisi lilikuwa 3.7. Gawa 9 kwa 3.7, unapata 2.4. Hiyo ndiyo thamani ya pete ya fimbo hiyo kwa umbali huo, kwa pigo moja. Pata Perfect tatu zenye jibu linalokaribiana, ndipo uiandike kwa kalamu.

Miinuko nayo ina la kusema. Kijani kikiwa bondeni mpira unaelea muda mrefu na upepo unaula zaidi, kikiwa kilimani ni kinyume. Mchezaji alianza kwa kuongeza sehemu moja ya kumi ya upepo kwenye mashimo ya kushuka na kupunguza vivyo hivyo ya kupanda, kisha akarekebisha shimo kwa shimo. Haikuwa kazi kubwa, kwa kuwa mashimo hujirudia na kila moja lilipata mstari wake mmoja daftarini.

Kulikuwa na siku nzima ya vipimo iliyotupwa. Alikuwa amesahau kuondoa mpira maalum wenye kinga ya upepo uliobaki kutoka mechi ya jana, na pete zote zikatoka kubwa kuliko halisi. Tangu hapo safu ya saba iliongezwa kwenye daftari: aina ya mpira. Mpira wa namna hiyo hubadilisha hesabu sawa na fimbo inavyoibadilisha, hivyo una ukurasa wake, na anayetaka kuutumia kwenye mechi kubwa ni sharti aupime kabla.

Dakika 25, si mechi 20

Ratiba iliyobaki ilikuwa fupi kuliko aliyoizoea. Mapigo 10 ya sindano kwanza, matokeo ya mpira hayatazamwi. Halafu Perfect 5 za fimbo ya siku hiyo. Kisha mechi 3 za kweli kwenye ngazi yake, ambako kabla ya kila pigo la kuingia kijani anataja kwa sauti upepo, thamani na pete: "Nane nukta nne, moja nukta tisa, nne na nusu kasoro." Saa ya pigo inaruhusu hilo kama daftari liko wazi mbele yako; anayetafuta ukurasa wakati saa inahesabu ataishia kukisia. Thamani za fimbo alizobeba ziliandikwa kwenye kipande kimoja cha karatasi kilichobandikwa mezani, na kila fimbo ikipandishwa kiwango mstari wake unakatwa siku hiyohiyo.

Fimbo moja kwa siku ilifaa kwa wiki ya kwanza tu. Ukirudia pigo moja unaona maendeleo haraka, na yanapendeza, lakini mechi haikupi pigo moja mara mbili. Kuanzia wiki ya pili fimbo zilichanganywa kwa makusudi: kirefu, kifupi, kile cha karibu na kijani, tena kirefu, kila moja na umbali tofauti. Matokeo yakashuka kwa siku tatu, akadhani amerudi nyuma. Hakuwa amerudi. Kilichokuwa kikijaribiwa sasa ni kubadili thamani kichwani kati ya pigo na pigo, na hicho hakikuwahi kufanyiwa mazoezi.

Sheria moja zaidi ilikuwa ngumu kuliko hesabu zote: mechi mbili za kupoteza mfululizo, simu inawekwa chini. Daftari lilionyesha kwamba baada ya kupoteza mara mbili safu ya Perfect ilikuwa ikianguka, kwa sababu alianza kuvuta haraka ili alipize.

Kuweka mpira shimoni kutoka kwenye kijani hakukuguswa, na kwa makusudi. Kati ya mechi alizoandika, alizopoteza kwa pigo la mwisho la kusukumia zilikuwa chache, na karibu zote mpira ulikuwa mbali mno na shimo kwa sababu ya pigo lililotangulia.

Daftari la pili

Mapigo mengine 30 ya kuingia kijani yakaandikwa mwishoni mwa wiki ya tatu, fimbo zilezile, ngazi ileile iliyokuwa ikimchapa. Perfect sasa ni 21. Kati ya hizo, 15 ziligusa chini ndani ya nusu pete kutoka palipokusudiwa. Sita zilizobaki hazikwenda tena zote upande mmoja: nne zilikuwa mapigo ya upepo wa uso yaliyopigwa pungufu ya masafa, yote yakiwa yamefidiwa kupita kiasi, na mbili zilikuwa mashimo ya kushuka.

Hizo nne zilifuatwa. Zote zilipigwa kwa chuma kirefu, kati ya nusu na robo tatu ya masafa yake, na kwenye karatasi kulikuwa na thamani mbili tu za fimbo hiyo: ya mwisho na ya nusu. Alichofanya ni kuchukua ya mwisho kwa kila kilichozidi nusu. Ikaongezwa thamani ya katikati, 2.1, baada ya Perfect tatu.

Fimbo ya mchanga haina namba yoyote kwenye karatasi bado. Mapigo yake yamekuwa machache, na safari hii yaliyotokea mawili yalikuwa na sindano iliyochelewa, kwa hiyo hayakuandikwa.